Maneno ya Kuazima

Tumbaku ikishauzwa na watu wakashika fedha, harusi za Tabora hufuatana Jumamosi kwa Jumamosi, na kamati zake huanza kutafuta maneno. Kadi ya mchango huwa na nafasi tupu juu ya majina ya maharusi, na mchapaji hutaka ijazwe. Kwa kuwa nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu, vijana wa Ng'ambo na Kanyenye huja barazani kwangu. "Shikamoo Mwalimu. Tunaomba neno la hekima kuhusu mapenzi, la mwandishi mkubwa, lisizidi mistari miwili." Wengine huja nalo tayari kwenye simu: picha ya Shaaban Robert, na chini yake sentensi ambayo haimo katika kitabu chake chochote. Nyerere naye hulishwa maneno vivyo hivyo. Siku hizi hata Mtume, rehema na amani zimshukie, analishwa.

Siwafukuzi, wala siwaoni wajinga. Kijana anayetafuta neno kubwa kwa siku yake kubwa anakiri jambo la kweli, kwamba anachokiingia kimemzidi kimo, na kwamba wako waliokipitia kabla yake. Hiyo ni adabu. Kinachonikosesha usingizi ni kile kinachofuata. Neno la mtu likinyofolewa pale alipolisemea, likabandikwa juu ya kadi au likasomwa kwenye kipaza sauti, je, bado linaweza kumfundisha mtu kuishi na kupenda? Au lililobaki ni sauti nzuri tu, na hekima yenyewe imeachwa nyuma kule lilikotoka?

Nilisoma chuo cha Qur'ani kabla ya kuingia shule, na maalimu wetu alikuwa mkali kwa jambo moja. Hakuruhusu mtu ataje hadithi ya Mtume bila kutaja walioipokeza. Nani kaisikia, kampokeza nani, na huyo naye alikuwa mtu wa namna gani: mkweli, msahaulifu, mwenye kupenda kuongeza chumvi? Isnadi, yaani mlolongo huo wa wapokezi, ikikatika, hadithi iliwekwa kando hata kama ilikuwa tamu kama nini. Tulikuwa watoto na tulisikitika, maana baadhi ya zile zilizowekwa kando ndizo tulizozipenda zaidi. Lakini msimamo wake ulikuwa thabiti: uzuri wa neno si ushahidi wake. Na aya za Qur'ani, ambazo isnadi yake haina shaka, bado tulifundishwa pamoja na sababu za kushuka kwake, ni tukio gani, ni nani aliuliza, ni kipi kilikuwa kimetokea. Rafiki yangu mmoja Mkatoliki, aliyefanya kazi miaka mingi Kipalapala kwenye kiwanda cha uchapaji, ananiambia kwao pia baadhi ya zaburi zina maelezo mafupi juu yake yanayoeleza Daudi aliziimba akiwa katika hali gani, akimkimbia mwanawe au akiwa ametenda dhambi. Basi ikiwa maneno ya Mungu yenyewe husomwa pamoja na mahali yaliposhukia, sioni kwa nini ubeti wa binadamu usomwe kana kwamba ulidondoka kutoka hewani.

Mji huu wetu unafaa kufikiria jambo hilo, kwa sababu umejengwa juu ya njia. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, kila kitu kilikuja kwa miguu ya watu, bidhaa na habari, dini na lugha hii ninayoiandikia. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani hapa kwetu, ilikuwa safari ya miezi, na pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa Wanyamwezi, babu zetu wengi. Neno lililofika hapa lilikuwa na mchukuzi, na mchukuzi alikuwa na uso. Ungeweza kumuuliza.

Sasa tazama ni neno lipi la njia hiyo ambalo dunia inalijua. Ni salamu ya maneno manne ambayo mwandishi wa habari Stanley alisema aliitoa alipomkuta mmisionari Livingstone pale Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Watoto wa Ulaya wanaikariri, na watalii huitaja mara tu wakisikia jina la Ujiji. Ukurasa wa siku hiyo katika shajara ya Stanley ulichanwa, kwa hiyo hata isnadi yake ina kiraka. Na hata kama aliisema kweli, haina lolote ndani yake zaidi ya haya ya mtu aliyekosa la kusema. Umaarufu wa neno na uzito wake ni vitu viwili mbalimbali.

Livingstone na Stanley walikuja Unyanyembe pamoja. Stanley alipoondoka kwenda pwani, mzee alibaki Kwihara, kilomita chache tu kutoka nilipo, mpaka Agosti 1872, akisubiri wapagazi walioahidiwa. Tembe lake limejengwa upya na ni makumbusho. Nilikuwa nikipeleka wanafunzi wangu pale kila nilipopata nauli ya basi, na wageni wengi hutoka wakimzungumzia Livingstone. Mimi niliwapeleka kwa ajili ya watu wengine.

Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wasaidizi wake, wakiwamo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga na kuubeba kuelekea pwani. Oktoba ya mwaka huo wakafika hapa Unyanyembe. Walimkuta Luteni Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia mzee, na sasa amechelewa. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Ulikuwa ushauri wenye akili. Njia mbele ilikuwa ya hatari, na watu wa vijijini hawakupenda maiti ipite kwao. Wale wachukuzi wakakataa. Walipoendelea na kuona upinzani ni mkubwa, wakaufunga mwili upya uonekane kama robota la nguo, wakatengeneza mzigo mwingine wa bandia wa mabua na kuurudisha Unyanyembe kana kwamba maiti inarudishwa kuzikwa, ili wapite. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Alipozikwa London mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo. Wainwright peke yake ndiye aliyepelekwa.

Nimelisimulia kwa urefu kwa sababu hapa kuna mapenzi na kuna hekima, na hakuna sentensi hata moja ya kubandika kwenye kadi. Hakuna neno la Susi kuhusu uaminifu linalozunguka kwenye simu. Wanafunzi wangu walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, walisema nini walipokataa?" Nikawajibu kwamba walichosema ni kilomita walizotembea. Waliobeba tendo hilo wakapewa nafasi ndogo katika vitabu, na aliyetoa salamu akapewa kubwa. Ukizoea kutafuta hekima katika nukuu peke yake, utazoea kuitafuta kwa wenye kalamu peke yao.

Na wenye kalamu wana mitihani yao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alijulikana sana katika mji huu. Baba yake alikaa Ituru, na alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kwa mtu anayependa lugha ni kitabu cha kustaajabisha: sentensi fupi, kavu, zinazotembea bila kupepesa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano alinijia akiwa amekipenda. Akataka kuandika insha juu ya ustahimilivu wa safarini kama alivyoupata humo. Nikamuuliza swali moja tu: nani aliyestahimili? Mwenye msafara aliyeandika, au aliyekuwa na pembe begani, au yule aliyefungwa mnyororo shingoni ambaye hakuandika neno? Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Lakini, Mwalimu, aliyoyaandika juu ya njia ni ya kweli." Ni ya kweli. Kitabu kile kisomwe, kisomwe chote, na shuleni pia. Lakini sitachukua sentensi yake nikamkabidhi bwana harusi imfundishe subira. Maalimu wangu alipokuwa akichunguza wapokezi wa hadithi, hakuwa akitaka kumbukumbu yao tu. Alitaka kujua walivyoishi na watu.

Nisieleweke kwamba ninaviogopa vitabu. Vimenilea, na kimoja kiliingia ndani ya ndoa yangu.

Marehemu mume wangu alikuwa gadi wa treni. Tabora ni njia panda ya reli, na mke wa gadi hujifunza kuishi na mtu ambaye nusu ya maisha yake iko Kigoma, Mwanza au Mpanda. Safari moja alirudi kutoka Kigoma akiwa mtu mwingine. Alikula kidogo, akakaa uani mpaka usiku mkubwa, akalala bila kulala. Nikimuuliza, anasema ni uchovu. Siku hizo nilikuwa nikiwasomesha wanafunzi Juliasi Kaizari, tafsiri ya Nyerere. (Alisoma hapa Tabora na akafundisha hapa St. Mary's kuanzia 1946, na tafsiri yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, akiwa tayari Rais.) Katika sehemu ya pili ya mchezo ule, Bruto hapati usingizi kwa jambo alilolificha, na mkewe, Porshia, anamfuata nje usiku. Hamfokei. Anamweleza kwamba amemwona halali, amemwona hali, na kwamba yeye kama mke ana haki ya kujua kinachomla mumewe. Anakaa pale mpaka anaahidiwa ataambiwa.

Sikumsomea mume wangu mstari wowote. Ningefanya hivyo angeniona nimemletea darasa nyumbani. Nilichukua kigoda changu, nikakaa kando yake uani, nikamwambia niliyoyaona tangu arudi, moja baada ya jingine, bila kuuliza chochote. Kisha nikanyamaza, nikakaa. Kabla ya alfajiri akaniambia: alikuwa ameshuhudia kifo relini, gizani, kati ya stesheni mbili, na yeye ndiye aliyeshuka na taa.

Wanaoipenda sehemu ile ya Porshia huishia hapo, kwenye ushindi wa mke. Ungeweza kuukata ukurasa ule na kuusoma kwenye harusi, ukapigiwa vigelegele. Lakini mchezo unaendelea. Mwanamke yule akishajua, siri inamtesa; anahangaika mlangoni, anatuma mtu kwenye Baraza la Seneti bila kujua amtume nini, na kabla ya mchezo kwisha habari za kifo chake zinafika. Aliyeomba kushirikishwa alishirikishwa kweli. Mimi nami, baada ya usiku ule, nilikuwa nikiiona ile taa ndotoni kwa muda mrefu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeusoma mchezo wote, sikudhani nimedanganywa. Nilijua kwamba hicho ndicho nilichokuwa nimekiomba. Kipande kingenifundisha kuuliza tu, na ni mchezo mzima ulionifundisha kwamba jibu lina uzito na litahamia kwangu.

Alipofariki, miaka mingi baadaye, nyumba ilijaa watu na maneno. Kazi ya Mungu haina makosa, waliniambia, mmoja baada ya mwingine, na mimi ninaamini hivyo kwa moyo wote. Lakini siku ile neno hilo lilinilemea. Kila aliyeingia alinitwika, akatoka mwepesi, kama pagazi aliyefika kambini akatua mzigo wake kichwani mwa mwenzake. Kisha akaja jirani yangu mmoja ambaye alikuwa amezika watoto wake wawili. Akakaa mkekani, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu pamoja na wengine, wala hakusema neno hilo kwangu. Jioni nikamsikia akilisema peke yake, kwa sauti ya chini, juu ya wanawe. Ndipo nikaweza kulisema na mimi, juu ya mume wangu.

Tangu siku ile nimeamini kwamba maneno mengi ya hekima ni ya kweli katika nafsi ya kwanza, na yanageuka yanapohamishiwa nafsi ya pili. "Nimesubiri" ni ushahidi. "Subiri" ni amri, na mwenye kuamrisha lazima awe na haki. Ayubu ana haki ya kusema juu ya subira. Rafiki zake waliomjia na maneno mazuri walikemewa na Mungu mwenyewe, na ukiyasoma maneno yao utaona hayakuwa ya kijinga. Mengi yangependeza kwenye kadi.

Shaaban Robert alilielewa hili. Alifanya kazi Mpwapwa katika miaka ya 1940, kituo cha zamani cha misafara iliyokuwa ikija huku kwetu, na alikuwa ameshafiwa na mkewe Amina, ambaye alimtungia shairi la maombolezo linalosomwa hadi leo. Alipotaka kuwausia watoto wake, hakutunga methali za kutawanya kwa kila mtu. Alimwandikia binti yake utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume utenzi wa Adili, kila mmoja kwa jina lake. Sisi tunaosoma tunasikiliza mlangoni mwa watu. Nadhani ndiyo sababu mausia yale yanaingia: baba aliyeyaandika alijua atamwangalia nani usoni.

Na kabla yake alikuwapo Mwana Kupona binti Msham, kule Pate na Siyu. Utendi wake umegeuzwa kuwa fimbo, na hilo linaniuma kuliko sentensi zote za bandia kwenye simu, kwa sababu hapa maneno ni yake kweli na bado yamedhulumiwa. Mpwa wangu, binti wa kaka yangu, alikuwa anaolewa mwaka huu. Wanawake wa kamati wakamletea karatasi iliyochapwa, beti chache kutoka utendi ule, zote zikihusu mke kumtii na kumtumikia mumewe. Zingesomwa siku ya kumfunda. Akaja nayo kwangu.

"Shangazi, huyu bibi aliandika haya tu?"

"Hapana, mwanangu. Kaa."

Nikatoa kitabu. Kiamu chake, lahaja ya Lamu, ni kigumu kwa mtu wa bara, na yeye ni muuguzi, si mtu wa fasihi, kwa hiyo tulikwenda polepole, tukisoma maelezo chini ya kila ukurasa. Nikamweleza kwamba aliyeandika alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mtu aliyepigana na Sultani wa Zanzibar, na kwamba mume huyo alifariki mwaka 1856. Utendi ulitungwa mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, na mama alikuwa mgonjwa. Miaka miwili hivi baadaye naye alifariki. Tukaona alivyomwita binti karibu, alivyotaka wino na karatasi, alivyoyaita maneno yake hirizi ya kuvaa. Beti za utii zilikuwapo. Sikumficha, na baadhi sikubaliani nazo na nilimwambia hivyo. Lakini kabla ya beti hizo kulikuwa na dini na adabu kwa watu, na baada yake kumbukumbu ya yeye mwenyewe na mumewe walivyoishi bila ugomvi mpaka siku ya kuagana, kisha dua. Dua ndefu, ukurasa baada ya ukurasa, akimwomba Mungu awalinde watoto wake na ndugu zake, amponye, amsamehe.

Mpwa wangu akaacha kusoma. "Kumbe alikuwa anakufa," akasema. "Alikuwa anaogopa mtoto atabaki na nani." Anafanya kazi wodini, ameshaona akina mama wa namna hiyo. Akaichukua ile karatasi ya kamati, akaigeuza, na upande mweupe akaanza kunakili beti za dua kwa mkono.

Aliporudi nayo nyumbani kwao pakazuka mabishano. Baadhi ya akina mama wa kamati walisema dua si mafundo, mwari anafundwa kazi za ndoa. Mmoja alisema hizo za utii ndizo zilizoombwa na upande wa bwana harusi. Walibishana tangu alasiri mpaka ishaa. Kungwi wake, mama mtu mzima wa Kinyamwezi ambaye hakusoma shule, aliwasikiliza wote, kisha akauliza yule bibi wa Siyu alikuwa nani kwa yule mwari. Akaambiwa alikuwa mama yake mzazi. Basi, akasema kungwi, zisomwe zote, za utii na za dua, na asizisome mwalimu wala mtu wa kamati. Azisome mama mzazi wa bibi harusi, na pale atakapoona ubeti haumfai binti yake auruke.